Mkono wa Mkasi

Kinyozi alikana saa ya joto kali, wakati hata nzi wa mahakamani walikuwa wamechoka kuruka.

"Rudia, mzee," mwendesha mashtaka alimwambia. "Jioni ile ulimwona mshtakiwa akielekea wapi?"

"Kwa fundi viatu. Alipita mbele ya duka langu mbio mbio, akaelekea kwa fundi viatu."

"Siyo kwenye ghala la mbao?"

"Siyo, mwanangu. Kwa fundi viatu."

Benchi la nyuma kabisa, Shangazi alifumbua macho. Alikuwa amevua viatu chini ya benchi kwa sababu miguu yake ilivimba tangu asubuhi, na alikuwa amekaribia kusinzia. Kituo kizima cha polisi kilimwita Shangazi, kuanzia mkuu hadi mfagizi, na jina la cheo chake lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Faili hili lilimfikia kama mtoto wa kambo: lilikwisha kulelewa vibaya na mwingine, naye akatakiwa alikuze.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye suti ya kurithi na sauti ya kujifunza. Alichukua karatasi mezani akaiinua juu.

"Haya ni maelezo uliyoyatoa polisi siku ya pili baada ya mzee wa mbao kuuawa. Hili dole gumba ni lako?"

"Langu."

"Nakusomea: 'Nikiwa namnyoa mteja, nilimwona kijana wa mkokoteni akipita mbio, akaenda upande wangu wa kulia.' Haya. Mtu akitoka dukani kwako, upande wa kulia kuna nini?"

"Kuna ghala la mbao."

"Na fundi viatu?"

"Yeye yuko kushoto."

"Sasa mzee wangu, uongo ulisema lini? Siku ile, au leo?"

"Sijasema uongo." Kinyozi alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mteja asiyetulia kitini. "Siku ile nilisema kweli, na leo nasema kweli."

Watu wakacheka. Kizimbani, kijana wa mkokoteni hakucheka. Alikuwa amekaa mahabusu tangu mvua za mwaka juzi, na alikwisha kujifunza kwamba kicheko cha mahakamani hakimfikii aliye kizimbani.

Mwendesha mashtaka akageukia meza ya juu. Akamwambia Jaji kwamba shahidi wake amegeuka, na akaomba maelezo ya zamani yapokelewe kuwa ushahidi, yaaminiwe yale, maneno ya leo yaachwe. Wakili wa utetezi, mama mmoja mwembamba, alisimama kabla hajamaliza. Akasema mtu aliyekula kiapo yuko hapa, ana mdomo na pumzi. Vipi karatasi isiyokula kiapo imshinde?

Jaji alivua miwani akasugua macho.

"Karatasi inaweza kupokelewa," alisema. "Lakini nataka nijue mambo mawili kwanza. Je, maelezo yalitolewa kwa hiari? Na kama yalitolewa kwa hiari, kwa nini mwenyewe ameyaacha? Kesho asubuhi. Na wewe mzee, ujue kudanganya mahakama ni kosa la kufungwa."

"Najua, Mheshimiwa," alisema kinyozi.

Shangazi akaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

*

"Amenunuliwa," mwendesha mashtaka alimwambia kwenye korido.

"Na nani?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, Shangazi. Niletee aliyemnunua kabla ya kesho."

"Ndugu za mshtakiwa hawana hata nauli ya kuja kusikiliza kesi. Watamnunua kwa pesa gani?"

"Sijui. Najua kitu kimoja: bila karatasi ile sina kesi." Alihesabu kwa vidole. "Mkokoteni wake ulikutwa ghalani. Sawa, lakini alikuwa anafanya kazi pale. Asubuhi aligombana na marehemu kwa sababu ya mbao alizoangusha. Sawa, lakini marehemu aligombana na kila mtu. Kinachomfikisha pale jioni ile ni kinyozi peke yake."

"Naye kijana anasema alikuwa hospitali."

"Kwa mama yake mgonjwa. Mama akafa kabla hajaandikwa hata neno moja. Mtu anayekufa bila kuandikwa, Shangazi, kwa mahakama hajawahi kusema."

Shangazi aliegemea ukuta, akapumzisha mguu mmoja, kisha mwingine. Akampigia simu konstebo aliyeyaandika yale maelezo, ambaye siku hizi alikuwa amehamishiwa mbali.

"Nakumbuka, afande," konstebo alisema. "Yule mzee alikuja mwenyewe. Hatukumwita."

"Mwenyewe?"

"Asubuhi na mapema, tumbo halina kitu. Akasema ana neno."

"Ulimwandikia wapi?"

"Kituoni, pale kaunta."

"Mkaenda naye dukani akakuonyesha?"

"Akanionyeshe nini, afande? Duka la kinyozi nani halijui?"

"Alivyosema kulia, alisema vipi?"

Konstebo akafikiri. "Aliinua mkono wake wa kulia, akawa anachezesha vidole hivi."

"Hivi vipi? Siwezi kukuona kwenye simu, mwanangu."

"Kama anakata kitu. Mimi nikaandika kulia. Nikamsomea, akasema ndiyo, akaweka dole. Kuna shida, afande?"

"Shida ipo siku zote," alisema Shangazi, akakata simu.

*

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi. Ukitokea barabara kuu, unalikuta ghala la mbao kwanza, halafu duka la kinyozi katikati, halafu fundi viatu na mwavuli wake mkubwa. Ukimpita fundi viatu unafuata njia ya hospitali na nyumba za watu. Shangazi alisimama mbele ya ghala akapangusa jasho. Vumbi la mbao lilikuwa limetanda hewani, likamkaa shingoni kama poda.

"Shangazi! Unasimama juani kama mgeni?"

Alikuwa Shemeji. Marehemu alimwoa dada yake, akawa anamwita shemeji mbele ya watu, mtaa mzima ukafuata. Sasa dada alikuwa mjane anayekaa ndani, na funguo za ghala zilining'inia kiunoni kwa Shemeji, zikilia kila anapopiga hatua. Alimletea Shangazi kiti na soda. Kiti alikikubali.

"Tumeumia leo, Shangazi. Umesikia yule mzee? Mtu mzima, mvi kichwani, anakana dole gumba lake!"

"Nimesikia."

"Amelishwa. Nenda dukani kwake ukaangalie kile kiti. Cha ngozi, kinazunguka. Kinyozi wa kunyoa watoto wa shule atakitoa wapi?"

"Nitaangalia."

"Mimi niliapa, nikasema kweli yangu. Jioni ile nilipita hapa, nikapita kwa kinyozi, nikapita kwa fundi viatu, nikaenda zangu nyumbani kulala. Asubuhi ndiyo naitwa, naambiwa shemeji yako yuko chini ya mbao, kichwa kimepasuliwa." Sauti ilimkatika. Akaikohoa ikarudi. "Wala si maneno yangu tu. Kinyozi mwenyewe aliandika hivyo hivyo: kijana kulia, mimi kushoto. Sasa akiruhusiwa kukana la kijana, kesho atakana na langu?"

"Unayajua maelezo yake vizuri."

"Yalisomwa mahakamani siku ya kwanza. Nilikuwa mbele kabisa."

"Kweli," alisema Shangazi. "Hukosi."

Akainuka kwa kushika magoti. Soda aliiacha pale pale, haijafunguliwa.

*

Dukani kwa kinyozi hapakuwa na mteja. Palikuwa na benchi la kusubiria, redio isiyo na mfuniko wa betri, kopo la poda, na kioo kirefu kilichofunika ukuta mzima unaotazamana na mlango. Kile kiti kilikuwa katikati, kizuri kweli, cheusi, kama mfalme aliyepotea njia.

Kinyozi alikuwa anafagia nywele za mtu aliyekwisha kuondoka.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukaa. Miguu inaniua."

"Basi kaa hapo. Hicho ndicho kiti cha wakubwa."

Akakaa. Kiti kikamlaki vizuri mno, akataka kulia.

"Kina gharama hiki."

"Nimemwoza mtu binti yangu wa mwisho. Akaja siku moja, akakuta wazee wenzangu nimewakalisha kwenye kigoda cha mbao, akaona haya. Akaniletea hiki. Alikibeba kichwani toka kituo cha basi, mtaa mzima ukamshangilia." Kinyozi akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Aa. Wamekwambia nimehongwa."

"Wameniambia."

"Nambari ya mkwe wangu ile pale ukutani. Mpigie."

Shangazi akapiga. Upande wa pili mkwe alipokea kwa woga, na kabla hajaulizwa akaanza kuomba radhi: kama ni gurudumu, mafundi walimhakikishia, lakini yuko tayari kukibadilisha, baba asikasirike. Shangazi alimwambia kiti ni kizima, baba hajambo, akae kwa amani. Akakata. Hilo nalo limekufa.

"Sasa tuambizane, mzee," alisema. "Polisi ulikwenda mwenyewe. Kilichokupeleka ni nini?"

"Kumsaidia mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Huyo mnayemweka kizimbani. Namnyoa tangu akiwa anabebwa. Asubuhi ile nikasikia wanasema yeye ndiye kaua. Nikasema, hapana, mimi nimemwona akienda upande mwingine kabisa. Sikunywa hata chai. Nikaenda nikasema, wakaandika, wakanisomea, nikaona ni sawa, nikaweka dole." Aliegemeza ufagio ukutani. "Halafu hawakumwachia. Nikajua tu, maneno ya kinyozi hayana uzito. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu labda wameona chache."

Shangazi akamchunguza uso. Kazi hii ilikuwa imemzoesha waongo wa kila namna, wanaoapa na wanaolia, na waongo wengi humtazama mpelelezi usoni. Kinyozi alikuwa anatazama nywele zilizobaki sakafuni, akisikitikia kazi ambayo hakuimaliza.

"Mzee, maneno yako yalikuwa na uzito. Ndiyo yaliyomfunga."

"Usinitanie, Shangazi."

"Sina nguvu za utani. Simama pale ulipokuwa jioni ile."

Kinyozi akaja nyuma ya kiti. Akasita, akarudi kwenye droo, akatoa mkasi na kitana. "Bila hivi mkono haukumbuki," alisema. Mkasi akaushika mkono wa kulia, kitana kushoto. "Nilikuwa nanyoa hivi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mtoto akapita mbio, hana mkokoteni, akaelekea huku." Akauelekeza mkasi kulia kwake. "Upande wa mkasi. Kwa fundi viatu."

Shangazi akaufuata mkasi kwa macho, na macho yakaishia kwenye kioo. Mle ndani, pembeni kulia, kupitia mlango uliokuwa wazi nyuma yao, fundi viatu alikuwa chini ya mwavuli wake anagongea soli.

Akasukuma sakafu kwa kidole cha mguu. Kiti kikazunguka taratibu bila kulia, kikamweka uso kwa uso na mlango. Fundi viatu alikuwa kushoto.

Akazunguka tena. Kulia. Akazunguka tena. Kushoto.

"Utapata kizunguzungu," kinyozi alimwonya.

"Ukinyoa, barabara unaiona wapi?"

"Humo." Alinyoosha kitana kuelekea kioo. "Nani anageuka geuka ana wembe mkononi? Nimeipa barabara kisogo miaka yangu yote. Wanaopita nawasalimu humo humo, nao wamezoea."

"Na kule kituoni, ulipowaambia kulia?"

"Niliwaambia upande wangu wa kulia. Mkono wa mkasi. Nikawaonyesha."

"Wao walisimama mlangoni, mzee. Kwa akili zao, walisimama mlangoni wakaangalia nje. Kulia kwao ni kwenye mbao."

Kinyozi alitazama kioo, akageuka akatazama mlango. Akarudi kwenye kioo. Aliurudisha mkasi mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Mvua mbili," alisema. "Mtoto kalala sakafuni mvua mbili. Wanasema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Mimi nimemkata mtoto wa watu."

"Kaa chini."

"Na mama yake nilikwenda kumzika. Nikashika mchanga wake kwa mkono huu huu."

"Kaa kwanza, mzee. Sijamaliza." Shangazi akatoa nakala ya maelezo kwenye mkoba. "Uliwaambia na habari ya mtu wa pili. 'Baadaye kidogo alipita shemeji wa marehemu, akaenda upande wangu wa kushoto.' Mkono upi?"

"Wa kitana."

"Nionyeshe."

Kinyozi alinyoosha kitana. Kwenye kioo, pembeni kushoto, zilisimama mbao za ghala, na mtu mwenye funguo kiunoni alikuwa anafukuza mbuzi mlangoni.

"Na leo mahakamani hukulisema hilo."

"Sikuulizwa. Yule kijana wenu wa suti alinikasirikia kabla hajafika huko."

"Wala halikukushangaza?"

"Linishangaze nini? Shemeji anakwenda ghalani kwa shemeji yake. Mbona alikuwa anakwenda kila siku?"

"Yeye ameapa kwamba jioni ile hakwenda. Ameapa alipita kwa fundi viatu akaenda nyumbani kulala. Na ushahidi wake anasema ni wewe."

Nje, nyundo ya fundi viatu ilinyamaza, kisha ikaendelea.

*

"Viatu hivi vitakutoa roho," fundi viatu alimwambia Shangazi kabla hata ya salamu. "Vua. Nani kakuuzia? Huyo ni adui yako."

Akavua, akakaa kwenye kigoda miguu mitupu juu ya gunia. Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno mengi na misumari midomoni, na alijua kuvitumia vyote kwa wakati mmoja.

"Polisi waliwahi kukuuliza habari za jioni ile?"

"Polisi gani? Walipita hapa wakienda kwenye mbao, wakarudi wakitoka kwenye mbao. Huku kwangu hapakuwa na kitu cha kuuliza, walisema mwuaji hakuja huku."

"Kijana wa mkokoteni ulimwona?"

"Alinipita nusura anivunjie mwavuli. Nikamtukana. Akanijibu mama kazidiwa. Nikayameza matusi yangu." Akatema msumari mmoja kiganjani. "Ningesema, lakini nikasikia kinyozi ameshasema. Nikajua amesema kama nilivyoona mimi. Tunaona mtaa mmoja."

"Na Shemeji?"

"Shemeji vipi?"

"Alipita baada yake?"

Fundi viatu akacheka mpaka misumari ikalia. "Angepita! Shangazi, yule mtu alinitesa wiki nzima. Viatu vyangu, viatu vyangu, nina safari, viatu vyangu. Siku ile nikavimaliza, nikavipaka rangi, nikavitundika hapo kwenye mwavuli avione toka mbali. Nimekaa mpaka giza namsubiri nimtambie. Hakutokea. Nilimwona akifika pale kwa kinyozi, nikasema huyo anakuja, akageuka akarudi kwenye mbao."

"Una hakika ni jioni ile?"

"Kesho yake maiti ilikutwa. Utaisahau wewe?"

"Alivichukua lini?"

"Nani kakwambia alivichukua?" Fundi viatu akaingiza mkono kwenye sanduku nyuma yake, akasogeza soli kuukuu na makopo, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimefanya ukungu kidogo visiginoni. "Tangu siku ile anazungukia nyuma, njia ya mtaroni. Hanisalimu. Nikadhani ni majonzi. Mtu akifiwa unamwacha."

Shangazi aliupokea mfuko, akaupima mkononi.

"Kesho utakuja mahakamani useme hivyo hivyo. Leo nitakuandika, na nitakuandikia hapa hapa ulipokaa, ukinionyesha kwa kidole."

"Na hivi vyako?"

"Vipanue. Nitavaa hivyo hivyo."

*

Asubuhi mwendesha mashtaka alimsikiliza amesimama, akakaa, akasimama tena. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja lisilofunguka. Mwishowe alijitupa kitini.

"Basi imekwisha. Naitupa karatasi, naondoa kesi."

"Nani kasema utupe?"

"Maelezo yamekosewa, Shangazi!"

"Hayajakosewa hata neno. Mwenyewe aliyasema akiwa anatazama kioo, sisi tukayasoma tukitazama mlango. Iombe ipokelewe kama ulivyoomba jana. Ila leo igeuze."

"Nikiigeuza, shahidi wangu wa pili anakuwa mshtakiwa."

"Na mshtakiwa wako anakwenda kulala kitandani."

Kijana alijishika tai. Kwa mara ya kwanza Shangazi aliona jinsi alivyokuwa mdogo.

"Nimesimama mbele ya Jaji nikamwita yule mzee mwongo."

"Utasimama tena. Ndiyo kazi."

"Na wakubwa watasema nini?"

"Watasema uliomba karatasi ipokelewe, ikapokelewa." Shangazi akapiga mwayo bila kuuficha. "Mwambie na wakili wa utetezi sasa hivi, kabla hatujaingia. Asije akalisikia kama umbea. Na yule fundi nje, mpe mahali pa kukaa, anaongea na kila anayepita."

*

Jaji aliingia, watu wakasimama, wakakaa. Shemeji alikuwa benchi la mbele, shati limepigwa pasi. Shangazi aliyeshinda siku zote benchi la nyuma, leo alikwenda mbele, akajibana pembeni yake.

"Samahani, Shemeji. Nyuma kuna joto."

"Karibu, Shangazi. Umempata aliyemnunua?"

"Nimempata mkwe wake," alisema, akauweka mfuko chini.

Mwendesha mashtaka akaeleza kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari, kwamba shahidi hajayaacha, na kwamba kwa ruhusa ya mahakama shahidi ataonyesha maana yake. Wakili wa utetezi alisema hana pingamizi. Jaji alishangaa, lakini akaruhusu.

"Mzee," mwendesha mashtaka alisema, na sauti ya kujifunza ilikuwa imemtoka, imebaki yake mwenyewe. "Simama kama unavyosimama ukinyoa. Mlango wa mahakama, huo nyuma yako, ndio mlango wa duka lako. Na kioo chako..." Akasita. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, tunaomba wewe uwe kioo."

Kicheko kikapita. Jaji hakukizuia. "Nimeitwa mabaya zaidi," alisema. "Endelea."

Kinyozi akamtazama Jaji, miguu akaipanua kidogo, mabega yakashuka kama ya mtu aliyefika nyumbani.

"Kijana wa mkokoteni alielekea wapi?"

Mkono wa kulia ukanyooka, vidole vikikata hewa. "Huku."

"Sasa geuka utazame mlango. Lakini nionyeshe pale pale ulipokuwa unaonyesha."

Kinyozi akageuka, akawapa Jaji na mahakama kisogo. Mkono wa kulia ukabaki hewani bila kazi. Akaushusha. Na ili aonyeshe pale pale, ukuta ule ule, ilimbidi anyooshe mkono wa kushoto.

Kizimbani kijana wa mkokoteni aliutazama ule mkono wa kushoto, akashika chuma cha kizimba kwa mikono yote miwili.

"Mheshimiwa ameona," alisema mwendesha mashtaka taratibu. "Kwenye maelezo hayo hayo, ambayo upande wetu unaomba yapokelewe yote, mwanzo hadi mwisho, kuna mtu wa pili. Mzee, bado unatazama mlango. Yule wa pili alielekea wapi?"

Kalamu ya Jaji ilikuwa inakwaruza karatasi. Kinyozi aliinua mkono wake wa kulia, safari hii bila kuchezesha vidole.

"Huku. Kwenye mbao."

Funguo zililia kwenye benchi la mbele. Shemeji alikuwa amenyanyuka nusu. Shangazi hakumshika. Aliinama tu, kwa shida, kama mtu mwenye miguu iliyovimba, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa viatu vyeusi, akavipanga sawasawa sakafuni mbele ya vidole vya Shemeji.

"Keti," alimwambia kwa sauti ya chini. "Fundi yuko nje. Anasema jioni ile alivitundika uvione, hukupita."

Shemeji alivitazama. Kisha, taratibu, akairudisha miguu yake nyuma, chini ya benchi.